Sweta la Nyota Moja

Jumapili, Novemba 2007. Kilburn.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyomlowesha mtu lakini haimwachi akauke. Moyo wangu uko hivyo hivyo. Binti yangu Salma yuko mezani na kazi zake za skuli, mimi niko mbele ya kompyuta, na mfuko wa nyuzi uko chini miguuni pangu. Sijaugusa siku nyingi.

Leo hakuna picha. Leo hakuna kichekesho.

Kwa aliyeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Unguja, niko London miaka mingi, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninafuma. Kuna tovuti ya wafumaji ambako mtu yeyote anaweza kuweka pateni yake, yaani maelekezo ya kufuma kitu kitanzi kwa kitanzi, na wengine wakishaijaribu huipa nyota. Nyota tano maana yake nzuri kabisa. Mimi huzitafuta zenye nyota moja. Nazifuma kama zilivyoandikwa, sibadilishi kitu, hata pale vidole vinaponiambia kuwa hapa pamekosewa. Halafu napiga picha, nakuja kuwasimulia nyinyi hapa bloguni.

Nilianza kwa bahati tu. Kulikuwa na shali iliyopondwa na kila mtu, nikaifuma kwa ukaidi, ikatoka nzuri mno hata wifi yangu akaichukua. Nikasema, kumbe watu hawasomi maelekezo. Nikaendelea. Ikaja kofia ya birika iliyotoka kama kuku aliyenyonyolewa. Zikaja soksi pacha wasiofanana. Ikaja fulana ya mbwa ambayo mpaka leo sijui mbwa mwenyewe angeingilia wapi.

Na hapo ndipo nilipoharibika. Nikiandika kuwa pateni imeonewa, kwamba kazi yake ni nzuri, wasomaji watatu wanasema ahsante. Nikiandika kuhusu kuku aliyenyonyolewa, maoni yanajaa mpaka chini. Nikajua haraka nyinyi mnapenda nini, na mimi napenda kupendwa.

Tena nilikuwa na kinga yangu: naandika Kiswahili. Wenye pateni, nilijiambia, ni mabibi wa Kiingereza huko mashambani kwao, hawatajua kamwe kama nimewasema. Ni kama yule mtu anayemsengenya abiria mwenzake ndani ya basi akiamini hakuna anayemwelewa. Katika mji huu sote tumeshafanya hivyo. Na sote tumeshapata aibu ya kumwona abiria huyo huyo anateremka, anageuka, anatuaga: "Haya, kwaherini."

Basi safari hii abiria hakuteremka. Alikuwa amekaa na mimi.

Wiki chache nyuma nilipata pateni ya sweta la mtoto wa kike wa miaka saba. Nyota moja, na chini yake malalamiko matupu. Salma wangu ana miaka saba. Nikaona nimeokota dhahabu. Nikachukua uzi wa kijani uliokuwa umebaki mahali, nikalifuma neno kwa neno.

Mikono ilitoka mirefu, ikapita vidole vya Salma, ikaning'inia. Shingo haikukubali kichwa. Nilimvisha nikivuta, akakwama katikati, macho yako ndani na nywele ziko nje, akawa anapiga kelele kwa Kiingereza chake kwamba hapumui. Na mimi, mama yake mzazi, badala ya kumtoa nikakimbilia kamera.

Picha ile wengi wenu mliiona.

Maneno niliyoyaandika pia mliyasoma. Mwenye pateni alijiita kwa jina la ua la Kiingereza, basi nikamtungia maisha yake yote: kizee, nyumba ya mawe, paka wawili, dirisha lisilofunguliwa mwaka mzima. Nikakiiga na Kiingereza chake, maana kilikuwa kinachechemea. Nilishangaa kidogo inakuwaje bibi wa Kiingereza akosee Kiingereza, lakini mshangao wenyewe haukunifikisha popote. Nikamalizia kwa sentensi iliyonifurahisha kutwa nzima:

"Aliyeandika pateni hii hajapata kumwona mtoto. Amehadithiwa tu."

Mlicheka. Mmoja wenu aliyeko Dar alisema amewasomea ofisi nzima. Nilitembea na maneno hayo kifuani kama medali.

Kazini kwetu tunaosema Kiswahili ni wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja kutoka Kenya, mtu wa bara. Nitamwita Esta, ingawa si jina lake. Nilipoanza kazi pale sikujua hata kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo, yeye ndiye aliyenifundisha. Salma alipolazwa na pumu, yeye ndiye aliyeshika shifti zangu, na hakuwahi kunikumbusha. Ni mpole, ana sauti ya chini, wakati wa mapumziko utamwona na sindano zake za kufumia, anafuma skafu au kitu chochote kidogo.

Ananiita Mama Salma. Mimi namwita Esta.

Nilijua ana mtoto nyumbani kwao. Jina la mtoto sikuwahi kuuliza. Nimekaa naye miaka, tumekula naye, tumelia naye kila mzee wetu mmoja anapofariki, na sikuuliza.

Basi siku ile nikayachapa maneno yangu kwenye karatasi, pamoja na picha, nikaenda nayo kazini. Nilimchagua Esta kwa sababu ndiye pekee ambaye angeelewa. Nikamsomea wakati wa chai kwa sauti zote: sauti ya kizee, sauti ya paka, na yale makosa ya Kiingereza nikayavuta kwa makusudi.

Esta alicheka. Wallahi alicheka, mpaka akafuta macho kwa ncha ya vidole. Halafu akaichukua karatasi akaitazama ile picha ya Salma aliyekwama. Akaitazama sana.

"Na mabegani?" akaniuliza. "Mabegani lilimkaa vizuri?"

"Mabegani sawa," nikamwambia, "lakini nani atatazama mabega hapo?"

Akaikunja karatasi vizuri, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Nikafurahi. Nikadhani nimepata msomaji mpya.

Mimi nyota yangu huitoa mwisho, baada ya kila kitu. Siku mbili tatu baadaye nikarudi kwenye ile tovuti kuitoa. Nyota moja, nilishaamua. Nikaibonyeza na picha ya sweta aliyoiweka mwenye pateni ili niione kwa ukubwa wake, kwa sababu nilikuwa nimeiona ndogo tu, kama stempu. Kompyuta yetu ni nzee, picha hufunguka polepole kuanzia juu. Ikaanza shingo ile nyembamba ya sweta, zambarau. Yakaja mabega. Ikaja mikono mirefu imelazwa upande upande. Na chini ya sweta, iliyotandikwa kitandani, ikaja kanga.

Kanga ya manjano, pindo jeusi. Kwenye pembe, alama ya pasi.

Alama ile niliitia mimi. Nilikuwa napiga pasi kwa haraka Krismasi moja, ikaungua, na kwa kuwa sikuwa na zawadi nyingine nikaikunja alama ikae ndani, nikampa Esta hivyo hivyo. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika kipanya, sisogezi hata kidole. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mengine yote yalijipanga yenyewe: Kiingereza kinachochechemea, zile sindano zake wakati wa chai, na lile swali la mabega.

Alikuwa ameuliza jambo moja tu. Alitaka kujua kama kuna sehemu moja aliyoipatia.

Mtu mwenye haya angepiga simu hapo hapo. Mimi nilifuta. Niliyafuta yote niliyoyaandika, na picha pamoja, na wale mliouliza yamekwenda wapi niliwaambia kompyuta imeharibika. Niliwadanganya. Na kuna baya zaidi, nalisema hapa kwa sababu nisipolisema leo sitalisema tena: kabla sijafuta, niliyanakili maoni yenu yote nikayahifadhi pembeni. Sikutaka kupoteza sifa zangu. Rafiki yangu nimemdhalilisha mbele ya watu, na mimi naokoa makofi.

Astaghfirullah.

Kisha nikaanza kuwa mwema. Sijui kama mmewahi kuwa wema kwa namna hiyo, ya kumchosha mtu. Nilimpelekea sambusa za nyama. Nilimnyang'anya mifuko ya nguo chafu nikaibeba mimi. Nilimsifia viatu vyake vya kazi, viatu ambavyo sote tunavaa vya aina moja. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na maneno yangu tayari mdomoni, nikifika mlangoni yanarudi tumboni. Nilijiambia labda hajali. Nilijiambia si alicheka mwenyewe. Nilijiambia nikimwambia ndipo nitamuumiza, bora ninyamaze. Yote hayo nilikuwa najitetea mbele ya hakimu ambaye ni mimi, na bado nilikuwa nashindwa kesi.

Esta alikula sambusa. Alisema ahsante.

Alhamisi tulikuwa tunatandika kitanda cha mzee mmoja, Esta upande ule, mimi upande huu, shuka katikati. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasikiliza redio. Esta akasema bila kuinua macho:

"Umeifuta."

"Nini?"

"Mama Salma, usiniulize nini. Wiki iliyopita nilienda maktaba nikitaka kuisoma tena kwa kompyuta. Haiko."

Nikalishika shuka kama mtu aliyeshika ukuta.

"Hiyo siku ulinisomea, nilijua hujui," akasema. "Sasa umeifuta, nikajua umejua. Nikangoja. Nikasema, ataniambia tu. Wewe ukaniletea sambusa tena."

"Esta, nisamehe. Wallahi sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua. Na kama ingekuwa ni huyo bibi kweli, ungemwomba msamaha?"

Nikaanza kulikunja pindo la shuka.

"Ati paka wawili," akasema. Mdomo wake ulicheza kama unaotaka kucheka, kisha ukakataa. "Paka mimi nawaogopa."

Machozi yakanitoka. Akaniambia nisilie hapo, mzee anatuangalia, nivute shuka upande wangu. Nikavuta. Tukatia foronya. Tukamaliza kitanda kile kimenyooka kuliko vitanda vyote vya jengo lile. Alipokuwa anatoka mlangoni akasimama.

"Jumapili nikitoka kanisani niko nyumbani. Njoo. Na umlete Salma."

Sikulala vizuri tangu Alhamisi hiyo. Nilijiuliza Salma wa nini.

Leo basi tumekwenda. Esta anakaa Stratford, upande wa pili wa London, na Jumapili huwezi kujua njia gani ya treni imefungwa kwa matengenezo, tukashuka, tukapanda basi, tukapanda treni tena. Salma alilalamika njia nzima. Nilimwambia tunakwenda kwa rafiki yake mama. Nilipolitamka neno rafiki sauti yangu haikuwa na uhakika.

Amepanga chumba kimoja ghorofa ya juu, jiko wanalitumia wengi. Chumba safi, kitanda, kabati, meza ndogo yenye birika la umeme. Ile kanga ya manjano iko kitandani, imetandikwa, na alama ya pasi iko wazi, haikukunjwa ndani. Alimpa Salma juisi na biskuti, akamuuliza habari za skuli. Salma anamwelewa kila kitu, lakini alimjibu kwa Kiingereza, na Esta hakuona tabu. Mimi nilikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Ukutani juu ya mto kulikuwa na picha.

"Huyo ni Wanja," Esta akasema. (Hilo nalo si jina lake.) "Wamepishana miezi tu na Salma."

Mtoto amesimama mbele ya ukuta wa buluu, soksi zimepanda mpaka magotini, meno mawili ya mbele hayapo. Ameshika sweta la zambarau kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, kama mtu aliyeshikishwa bango.

"Umeona?" Esta akaniuliza.

Niliona. Hakulivaa. Alikuwa amelishika.

Akanisimulia, taratibu, huku akimwangalia Salma anavyokula. Alimwacha Wanja ana miaka miwili, ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Alikuja kwa muda, muda ukawa miaka, makaratasi yake yako kwa mwanasheria, na mwanasheria amemwambia akitoka nje ya nchi sasa hatarudi. Kwa hiyo hatoki. Humsikia mtoto kwenye simu kila wiki. Mapema mwaka huu alitaka kumfumia sweta kwa mikono yake, kwa sababu nguo za dukani kila mtu anaweza kutuma. Akampigia mama yake, akamwomba ampime Wanja. Mama yake hana futi ya cherehani. Alimpima kwa kiganja, kuanzia kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, shubiri ngapi mkono, shubiri ngapi kifua, akamtajia kwenye simu. Na Esta, huku London, akazipima shubiri zile kwenye uzi wake.

"Kwa mkono wangu," akasema. Akaukunjua mkono mbele yangu. Esta ana viganja vipana, ndiyo maana wazee wanapenda ashike yeye wakati wa kuwainua. "Mamangu ana kamkono kadogo. Hiyo sikufikiria."

"Na shingo?"

Akaurudisha mkono mapajani.

"Kichwa sikuuliza. Nilidhani nakikumbuka."

Nilitaka sakafu ya chumba kile ipasuke. Amehadithiwa tu. Niliandika hivyo, na mtu wa Dar akawasomea ofisi nzima.

Nikamuuliza kwa nini basi aliiweka pateni ile mtandaoni, na kwa nini hakuitoa watu walipoanza kuiponda. Akasema aliiweka kabla picha ya Wanja haijafika, alikuwa na furaha, aliona kama ameweza kumfumia mtoto aliye mbali, na wengine wanaweza. Akajipa jina la ua kwa sababu aliona haya. Halafu picha ikaja, na mama yake kwenye simu anasema limempendeza, limempendeza sana.

"Mamangu hawezi kuniambia ukweli, anaogopa nitaumia," Esta akasema. "Lakini watu wakaanza kuandika. Shingo ndogo. Mikono mirefu. Nikawa naenda maktaba nasoma. Hao hawanijui, wananiambia tu. Nikaona afadhali. Halafu wewe ukaniambia vizuri kuwashinda wote."

Alisema hivyo kwa sauti yake ile ile ya chini. Hakuwa ananipiga kijembe. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwambia yote. Kwamba nilidanganya kuhusu kompyuta. Kwamba niliyahifadhi maoni. Kwamba kanga niliiunguza mwenyewe nikajua na nikampa. Hapo kwenye kanga alinitazama kwa mshangao, akasema aliiona alama ile siku ya kwanza na alidhani ndiyo sababu nilimpa, kwamba mtu hukupa kitu alichokitumia mwenyewe akikupenda.

"Sikiliza," akasema. "Bado nimekasirika. Nitakasirika kidogo, utanivumilia. Lakini Salma ana miaka saba, na mimi sina mwingine wa kumpima."

Akafungua droo akatoa futi, mpya, ingali kwenye karatasi yake.

Salma alisimama katikati ya chumba, mikono kaitanua. Esta akapiga magoti mbele yake. Akampima bega kwa bega. Akampima kutoka bega mpaka kifundo cha mkono, akakunja mkono wa mtoto kwenye kiwiko, akapima tena, kwa sababu mkono unaokunjwa unahitaji urefu wake. Akampima kifua, akamwambia avute pumzi, akapima tena. Kila kipimo alikisema kwa sauti, kama anayemsomea mtu aliye chumba cha pili. Alimgeuza polepole kwa vidole viwili. Salma alikuwa anacheka kwa kutekenywa.

Mwisho akaizungusha futi kichwani, juu ya masikio. Akaisoma. Hakuitoa.

"Kumbe kimekuwa kikubwa hivi," akasema.

Nilinyanyuka nikaenda jikoni. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Niliviosha, nikavifuta, nikavipanga, nikavirudisha kwenye maji nikaviosha tena. Niliporudi walikuwa wamekaa kitandani wote wawili, Salma anamfundisha mchezo wa kupiga makofi wanaocheza skuli, na Esta anakosea kila mara.

Wakati wa kuondoka nilimwomba ruhusa ya kuandika haya.

"Andika," akasema. "Jina langu uondoe. Na hao paka pia."

Nikamwambia paka lazima wabaki, la sivyo watu hawatajua nilivyokuwa mbaya. Akacheka kidogo, cheko la kweli, dogo. Akasema basi niandike pia kwamba anawaogopa. Nimeandika.

Kwa hiyo haya ndiyo maelezo mnayonidai nyinyi mliouliza. Kompyuta haikuharibika.

Tangu turudi nimekuwa nazisoma pateni zote nilizozitania huko nyuma. Yule wa kofia ya birika ni nani? Yule wa soksi alikuwa anamfumia nani? Pengine hakuna kitu, pengine ni watu tu waliokosea hesabu ya vitanzi. Lakini sijui, na nilipokuwa nawacheka pia nilikuwa sijui. Sitaacha kuzijaribu pateni za nyota moja, hiyo kazi naipenda. Ila nikiona mahali pamekosewa, nitamwandikia kwanza mwenyewe, kwa lugha anayoisoma. Kama nyinyi mtachoka na blogu isiyochekesha, nitawaelewa. Nami nitahuzunika, sitaki kuwadanganya tena.

Sijui kama Esta amenisamehe. Hakusema. Mimi pia sikumuuliza, maana nilihisi nikimuuliza nitakuwa namwomba anifanyie kazi nyingine juu ya zile alizokwisha kunifanyia.

Kwenye treni ya kurudi Salma hakulalamika hata mara moja. Tulipopita vituo kadhaa akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini yule Auntie alimshika kichwa muda mrefu vile.

Nikamwambia alikuwa anapima.

Akasema, lakini alikuwa ameshamaliza kupima.

Watu walikuwa wamejaa, tumesimama, nimemshika bega. Ningeweza kumwambia chochote, ni mtoto, angesahau kabla hatujafika. Nikainama nikamwambia kweli. Nikamwambia yule Auntie ana mtoto wake wa kike mkubwa kama wewe, yuko mbali, na hajamwona tangu akiwa mdogo sana. Nikamwambia anaitwa nani.

Salma akafikiri. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi ila akitaka kitu kikubwa kwangu:

"Mama, na yeye meno yamemng'oka?"

Nikamwambia ndiyo, mawili ya mbele.

Kesho nina shifti ya asubuhi pamoja na Mama Wanja. Nataka nimuulize mtoto anapenda rangi gani. Na kama hajui, basi tumpigie simu tumuulize.